Ni Sehemu Gani Iliyoumia?

Nawasalimu ninyi mliokaa jikoni mkingoja chakula kiive, na ninyi mlio njiani, na wewe uliyelala hospitalini ambaye jirani yako amekusogezea redio karibu na sikio. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya mishipa ya fahamu, yaani neva, na jinsi sehemu zake zinavyotofautiana. Msiifunge redio. Hili si somo la shule, wala mimi si daktari. Nina jambo la kuungama, na siwezi kuliungama sawasawa mpaka nimeeleza kwanza jinsi mwili ulivyopangwa.

Katika usharika wetu kulikuwa na mzee wa kanisa aliyetunza hazina kwa miaka mingi. Jina lake nitaliacha. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kalamu mbili mfukoni, ya buluu ya kuandika mapato na nyekundu ya kuandika matumizi, wala hakupenda mtu aziazime. Mwaka ule tulikuwa tukichanga fedha za mabati, maana paa lilivuja hata mhubiri akalazimika kuhamisha mimbari. Alfajiri ya Jumatatu moja, mzee akikama ng'ombe, mkono wake wa kulia ulilegea. Ndoo ikaanguka. Mkewe alipouliza kuna nini, alijibiwa kwa sauti isiyo na maneno, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeteremka. Kilikuwa kiharusi.

Baada ya majuma sita alirudi kutoka hospitali akiegemea fimbo. Alikuwa amebaki na neno moja tu, "hapo." Ukimwuliza jina la mkewe, "hapo." Ukimwuliza kama amekula, "hapo, hapo." Jumapili ya kwanza aliyoletwa kanisani alikaa kimya mpaka sahani ya sadaka ilipomfikia, ndipo akalia, kilio kikubwa cha kwikwi, watu wakageuka. Jumapili ya pili alilia tena, pale pale kwenye sadaka. Mnajua wenyewe jinsi maneno yanavyotembea. Haukupita muda ikanenwa kisimani kwamba mzee alikula fedha za mabati, na kwamba Mungu amemfunga ulimi.

Kisha likatokea jambo lililokata shauri kwa wengi. Jumapili ya tatu tuliimba wimbo ambao kila mtu aliujua tangu utoto, na mzee yule, asiyeweza kusema "maji," akauimba pamoja nasi, maneno yote, ubeti baada ya ubeti. Akina mama wa mbele waligeuka kumtazama. Kumbe anaweza! Na baada ya ibada ikasemwa: anayeweza kuimba anaweza kusema, ulimi anauficha asije akaulizwa.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Niliyasikia maneno hayo na sikuyakemea, kwa sababu nusu ya moyo wangu iliyaamini. Tukaenda watu watatu nyumbani kwake kudai daftari ya hesabu. Tulimkuta amekaa kitini, na muuguzi wa zahanati, mama mtu mzima, akimpima shinikizo la damu. Tukaanza kumwuliza mzee juu ya fedha. Naona haya kusema, lakini tulimwuliza kwa sauti ya juu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, na kwa maneno mafupi kama ya kumsemesha mtoto. Akajibu, "Hapo, hapo," akaanza kulia.

Yule muuguzi akaweka mpira wake chini. "Wazee wangu," alisema, "mbona mnampigia kelele? Masikio yake ni mazima. Anaelewa kila mnachosema. Je, mnajua ni sehemu gani iliyoumia?"

Hatukujua. Tulikuwa tumekwisha kumhukumu mtu, na hatukujua.

Akachukua bahasha ya sadaka iliyokuwa mezani, akachora nyuma yake. Mengi ninayowaambia jioni hii yalianzia kwenye bahasha ile, na mengine nimeyasoma baadaye ili nisirudie ujinga wangu.

Lugha yetu imelibebesha neno "mshipa" mizigo mingi. Mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa, na mwanamume mwenye ngiri naye husema ana mshipa. Kwa hiyo mtu akikuambia mishipa yake ni mibaya, mwulize ni ipi. Sisi twasema juu ya neva, na hizo zimegawanyika. Kuna sehemu ya katikati, ambayo ni ubongo pamoja na ugwe ule unaoshuka ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Halafu kuna sehemu ya pembeni, yaani neva zinazotoka katikati na kuenea mwili wote: jozi 12 kutoka kwenye ubongo, na jozi 31 kutoka kwenye ugwe. Ndani ya neva nyingi mna nyuzi za namna mbili, nyingine zikipeleka amri kwa misuli, nyingine zikirudisha habari za joto, baridi, mguso na maumivu.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na robo hivi, au zaidi kidogo, lakini sehemu moja ya tano ya hewa safi ambayo mwili unaitumia, ubongo ndio unaoitwaa. Ndiyo maana damu ikizibwa njia kwa dakika chache tu, mahali palipokosa damu huanza kufa. Hicho ndicho kiharusi, ama cha mshipa wa damu kuzibika, ama cha mshipa wa damu kupasuka. Tena ubongo si kitu kimoja kama kiazi, ambacho ukikata popote ni kiazi. Kila mahali pana kazi yake. Upande wa kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na upande wa kulia huongoza wa kushoto. Na kwa watu wengi sana, uwezo wa kutunga usemi umewekwa upande wa kushoto, kuelekea mbele. Basi mzee wetu alipopoteza mkono wa kulia na maneno kwa siku moja, haikuwa adhabu mbili. Ni mahali pamoja palipoumia, na kazi hizo mbili ni majirani.

Jambo hilo lilijulikana kwa njia ya huzuni. Katika hospitali moja karibu na Paris aliishi mtu kwa miaka 21 ambaye silabi moja tu ndiyo iliyomtoka kinywani, "tan," basi wote wakamwita Tan. Alielewa aliyoambiwa. Akikasirika, apizo moja lilimtoka wazi kabisa, kisha akarudi kwenye "tan" yake. Alipokufa mwaka wa 1861 daktari Paul Broca aliutazama ubongo wake, akaona palipoharibika: kushoto, upande wa mbele. Mwaka wa 1874 daktari mwingine, Carl Wernicke, akaeleza habari za watu wa namna nyingine kabisa. Hao husema maneno mengi, tena mbio, lakini hayana maana, nao hawaelewi wanachoambiwa. Kwao palipoumia ni nyuma zaidi, karibu na sikio la kushoto. Tazameni tofauti hiyo. Mmoja anaelewa na hawezi kusema. Mwingine anasema na haelewi. Sisi tungewaita wote wawili wamerukwa na akili.

Na wimbo je? Hilo ndilo lililonishinda mimi. Muuguzi alitueleza kwamba wimbo tuliouzoea tangu utoto haupiti njia ile ile ya maneno tunayoyatunga sasa hivi. Upande wa kulia wa ubongo una sehemu kubwa katika kuimba, na upande huo kwa mzee ulikuwa mzima. Hata sala iliyokaririwa, hata kuhesabu moja mbili tatu, hata lile apizo la yule mtu wa Paris, vinaweza kutoka kwa mtu asiyeweza kuomba maji. Mwaka wa 1973 wataalamu wa usemi huko Marekani waliandika juu ya kuwafundisha wagonjwa wa jinsi hii kusema kwa kuimba maneno kidogo kidogo. Kwa hiyo mzee hakuwa akituficha ulimi. Pale kanisani alikuwa ameupata mlango mmoja uliosalia wazi, nasi tukamgeukia tukamwita mwongo.

Kilio nacho kina mahali pake. Ndani ya ubongo, chini, pamepangwa namna ya kulia na ya kucheka. Sauti, machozi na pumzi vyote hufungwa pamoja hapo. Sehemu za juu na za mbele ndizo zinazozuia, ili mtu asiangue kilio kila anapoguswa. Kiharusi kinaweza kuharibu njia ya kizuizi hicho. Basi mzee akiiona sahani ya sadaka, ambayo ameibeba kwa miaka mingi na sasa yapita mikononi mwa mwingine, moyo wake unaguswa kidogo tu, kama ungaliguswa wako na wangu. Lakini mlango hauna komeo. Wengine hucheka badala ya kulia, hata matangani, na jamaa zao huona aibu kubwa. Huwezi kuisoma dhamiri ya mtu kwa machozi ya namna hiyo.

Nitasema neno fupi juu ya ugwe wa mgongo. Una urefu wa sentimita 45 hivi, na unene kama wa kidole kidogo cha mkono. Una akili yake ndogo: ukigusa sufuria ya moto, mkono hurudi kabla hujajua umeungua, kwa sababu amri imetolewa na ugwe bila kungoja ubongo. Ugwe ukikatika, mtu husema vizuri, hufikiri vizuri, hukumbuka madeni yako yote, lakini chini ya mahali palipokatika hakuna amri inayoshuka wala habari inayopanda. Wala ugwe hauungi wenyewe kama mfupa unavyounga. Nasihi vijana wanaokimbilia ajali barabarani: kama hakuna moto wala hatari nyingine, msimwinue aliyeumia shingo au mgongo kwa kumshika mikono na miguu kama gunia. Shikeni kichwa na shingo visigeuke, mngojee wanaojua. Wako waliotoka kwenye gari wakiwa na miguu mizima, wakapoozwa na huruma ya waliowabeba.

Neva za pembeni ni habari nyingine. Hizo zikikatika zina tumaini: zikiunganishwa vizuri huweza kuota tena, polepole, kama milimita moja kwa siku. Lakini zina udhaifu wake. Ugonjwa wa ukoma, ambao umetajwa sana katika Maandiko na kuogopwa sana vijijini, hushambulia neva hizi. Mwaka wa 1873 daktari wa Norway aliyeitwa Hansen alikiona kijidudu cha ukoma. Kijidudu hicho hupenda mahali pa mwili penye ubaridi, kama ngozi, masikio, mikono na miguu, na neva za mahali hapo huacha kupeleka habari. Watu walidhani ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Daktari Paul Brand, aliyezaliwa India kwa wazazi wamisionari, alifanya kazi huko Vellore kuanzia miaka ya 1940, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya madhara yale yatoka kwa kukosa maumivu. Mtu hushika chungu cha moto asisikie. Hutembea juu ya msumari mchana kutwa asijue. Kidonda hakimwumi, basi hakitunzi. Brand alifika mahali pa kuyaita maumivu zawadi, na aliyasema hayo baada ya kuwatazama kwa miaka mingi watu wasioyapata.

Leo ukoma unatibika kwa vidonge, kwa mpango wa dawa uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1981, na mgonjwa aliyeanza dawa huacha kuambukiza upesi. Lakini ile hasara ya neva haijaondoka kwetu. Imekuja kwa mlango wa kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, neva ndefu ndizo zinazoumia kwanza, na ndefu kuliko zote ni zile za miguuni. Mama mmoja wa kwetu alikuja ibadani amevaa kiatu chenye kokoto ndani yake, akasimama, akaketi, akatembea kurudi nyumbani, na jioni binti yake alipomvua akaona damu. Wewe mwenye kisukari, tazama nyayo zako kila usiku. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni, au umwombe mjukuu. Usimngoje uchungu aje kukuambia, maana huenda mjumbe huyo ameshakufa.

Nimebakiza sehemu moja, nayo ndiyo inayotuhusu sote hata tulio wazima. Ziko neva zisizongoja amri yetu. Hizo huendesha moyo, tumbo, mate, jasho, na mboni ya jicho, tukiwa macho au tumelala. Wataalamu huzigawa mara mbili. Neva za simpathetiki ni za hatari: hukimbiza moyo, hukausha kinywa, hulowesha viganja, husimamisha kazi ya tumbo ili nguvu iende miguuni. Neva za parasimpathetiki ni za utulivu: hupunguza mwendo wa moyo, hurudisha mate, huliruhusu tumbo lifanye kazi yake. Huwezi kuuamuru moyo wako upige polepole ukatii. Lakini pumzi ina mabwana wawili. Hujiendesha yenyewe, na tena hukubali kuongozwa. Na mtu akitoa pumzi polepole, moyo nao hupunguza mwendo. Mama zetu walijua hilo walipomwambia mtoto aliyefadhaika, "Tulia, vuta pumzi kwanza."

Nazitaja neva hizi kwa sababu nyingi ya hukumu zetu za barazani husimama juu yake. Twasema, "Ametetemeka, ametoka jasho, basi ana hatia." Neva za hatari hazijui hatia. Huamka kwa mwizi aliyeshikwa, na huamka vilevile kwa mtu mwema anayesimamishwa mbele ya watu kwa neno asilolitenda.

Wanafunzi walipomkuta mtu aliyezaliwa kipofu, kama tunavyosoma katika Yohana sura ya 9, walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana hakukubali kuchagua. Nimelihubiri somo hilo mara nyingi, ndugu zangu. Nimelihubiri katika kanisa lile lile lililovuja. Na siku nilipoketi mbele ya mtu aliyefungwa ulimi, niliuliza swali la wanafunzi, tena kwa kelele.

Daftari tuliletewa na mkewe siku ile ile, pamoja na hati za benki. Tulikaa watu watatu mezani hadi taa ya mafuta ikawashwa. Buluu ya mapato, nyekundu ya matumizi. Hesabu zilikuwa sawa hadi senti ya mwisho, na malipo ya kwanza ya mabati yalikuwa yamekwisha kulipwa Ijumaa ile kabla ya kiharusi.

Kabla sijamaliza, neno kwa walio na wazee nyumbani. Mdomo ukipinda ghafula, mkono ukilegea ghafula, maneno yakivurugika ghafula, usimpe mgonjwa chakula wala kinywaji, wala usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, na ukumbuke wakati dalili zilipoanza. Kama ni damu iliyoganda, iko dawa ya kuiyeyusha, lakini kwa kawaida hutolewa kabla hazijapita saa 4 na nusu tangu mwanzo wa dalili. Mzee wetu alifikishwa siku ya pili yake. Tulikuwa tukitafuta gari.

Jumapili iliyofuata niliomba ruhusa kusema kabla ya sadaka. Kinywa kilikauka, viganja vikalowa, na magoti, nadhani, watu wa mbele waliyaona. Nilisoma hesabu yote, kisha nikasema kwamba mimi, katibu, niliusikia uvumi nikauacha utembee, na kwamba nilimpigia kelele mtu anayesikia. Nikashuka nikaenda mpaka kwenye benchi lake. Mzee alikuwa akilia. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kilio chake si cha kutafsiriwa, basi sikukitafsiri. Akanyosha mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuinuka, nami nikaupokea kwa mikono miwili.